UZI: Chama na mwajiri mezani, Tanzania Bara. Kuanzia kutambuliwa hadi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na mahali wengi wanapokwama

KatibuKanda (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Maswali ni yale yale kila mwezi: tunaanzaje majadiliano, mwajiri anatupiga danadana, tunaruhusiwa kugoma au la. Nayaweka hapa pamoja. Ninazungumzia sekta binafsi Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Zanzibar wana sheria zao za 2005. Jeshi, Polisi, Magereza na JKT hawamo kwenye sheria hii, isipokuwa kwa vifungu vya ajira ya watoto, kazi za kulazimishwa na ubaguzi.

Tuanze na jambo linalochanganywa kuliko yote. Kuwa na tawi kazini ni kitu kimoja, kutambuliwa kama wakala wa majadiliano ni kingine. Chama chenye wanachama wachache kina haki ya kuingia eneo la kazi, kufanya mikutano, kuwa na viongozi wa tawi na kukatiwa ada. Viongozi wa tawi wanahesabiwa hivi: wanachama 1 hadi 9, kiongozi mmoja, 10 hadi 20, watatu, 21 hadi 100, kumi, zaidi ya 100, kumi na watano, na hapo angalau watano wawe wanawake kama wapo kazini. Lakini kujadili mshahara ni kwa chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kitengo cha majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambao chama kinajadiliana kwa niaba yao.

Hesabu ya hiyo nusu ndiyo inayowaangusha watu. Chukua kiwanda chenye wafanyakazi 240, kati yao 12 ni menejimenti ya juu. Hao 12 hawawezi kuwa kwenye chama cha wafanyakazi wa kawaida, kwa hiyo kitengo kinabaki na 228. Nusu ni 114, unahitaji 115. Ukipeleka fomu za TUF 6 (za mfanyakazi kuruhusu akatwe ada ya chama) zikiwa 118, unajiona umeshinda. Afisa utumishi anazipitia: watatu mikataba yao imekwisha, wawili wamejaza mara mbili, mmoja hakusaini. Zimebaki 112, na barua yako imerudi. Usipeleke kabla hujazidi kiwango kwa watu kumi na tano hivi.

Notisi yenu ya kuomba kutambuliwa ikishapokelewa, mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi ili mwandikiane makubaliano ya kutambuana. Akikaa kimya au mkishindwana, mnakwenda CMA kwa usuluhishi, na pakishindikana, Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu ndiyo inayoamua. Nakala yenu ya notisi igongwe muhuri wa mapokezi na iandikwe tarehe. Bila hivyo hizo siku 30 hazina pa kuanzia.

Mkishatambuliwa msilale. Wanachama wakishuka chini ya nusu, mwajiri anawapa notisi ya miezi mitatu kurudisha wingi. Mkishindwa anaondoa utambuzi.

---

Mezani

Mtoa mada umeanza vizuri. Niongeze la maandalizi, maana timu nyingi huingia kikaoni na karatasi ya madai yenye vipengele 34 na hakuna hata kimoja kilichopigiwa hesabu.

Tuendelee na mfano wako, tuseme wote 240 wanaingia kwenye nyongeza. Wastani wa mshahara wa msingi ni 500,000, yaani mishahara ya msingi kwa mwezi ni 120,000,000. Mnadai 8%. Hiyo ni 9,600,000 kwa mwezi, 115,200,000 kwa mwaka. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF wa 10% juu ya nyongeza hiyo, 11,520,000. Tumefika 126,720,000 kabla ya kugusa tozo nyingine.

Sasa saa za ziada. Mshahara wa mwezi gawanya kwa 195 (saa 45 kwa wiki mara wiki 4.333) unapata 2,564 kwa saa. Saa ya ziada ni mara moja na nusu, 3,846. Mshahara ukipanda kwa 8%, saa ya ziada inakuwa 4,154. Tofauti ni shilingi 308 tu, lakini kiwanda kikiwa na saa za ziada 3,000 kwa mwezi, hiyo ni takriban 923,000 nyingine kila mwezi. Nyongeza ya kazi za usiku, 5%, nayo inapanda pamoja.

Mwajiri hesabu hii anayo tayari. Asipoikuta kwenu, atawatajia namba yake na hamtakuwa na la kujibu.

Jambo la pili, pesa ile ile inaweza kugawanywa kwa namna mbili. Badala ya 8%, dai 40,000 kwa kila mtu: 240 mara 40,000 ni 9,600,000 ile ile. Mwenye 300,000 amepata zaidi ya 13%, mwenye 1,200,000 amepata 3.3%. Kwa mwajiri gharama ni karibu sawa, kwa wanachama wenu ni ugomvi. Amueni kwenye mkutano wa tawi kabla ya kwenda mezani, si mbele ya mwajiri.

---

DafuBichi

Mbona mnatumia kalkuleta kana kwamba ni mtihani 😅 Njia ni moja, omba 30% upate 8%.

---

BintiUtumishi

Kaka DafuBichi, niko upande wa pili wa meza, ngoja nikuambie 30% inafanya nini. Mkurugenzi wa fedha anaiona, anacheka, anaiweka pembeni. Mazungumzo halisi yanaanza mtakapoleta namba ya pili, na sisi tunajua mtaileta. Mmepoteza vikao viwili na mmetuonyesha kuwa namba zenu zinashuka zikisukumwa. Chama kinachokuja na 11% yenye jedwali la gharama kinatulazimisha kujibu mstari kwa mstari.

La pili ni taarifa. Wakala anayetambuliwa ana haki ya kupewa taarifa zinazohusika na majadiliano, na chama kikiandika "tunaomba taarifa zote za fedha za kampuni" kinatupa sababu rahisi ya kukataa. Sheria inaturuhusu kuzuia siri za kisheria, siri za biashara ambazo zikitoka zinaleta madhara makubwa, na taarifa binafsi za mtu bila ridhaa yake. Ombeni vitu vyenye mipaka:

- idadi ya wafanyakazi kwa kila daraja, bila majina
- jumla ya mishahara ya msingi na ya posho, kila moja peke yake
- saa za ziada kwa miezi 12
- walioacha kazi kwa mwaka, kwa idara

Barua ya namna hiyo ukiikataa, unajua kabisa kwamba mbele ya msuluhishi utaonekana mtu asiyejadiliana kwa nia njema.

---

KatibuKanda

Dada BintiUtumishi umetusaidia. Na mimi niseme la upande wenu: mnatuma mezani mtu asiye na mamlaka. Anasikiliza, anaandika, halafu kila kitu ni "nitapeleka juu". Dawa yake ni kanuni za kikao, zisainiwe siku ya kwanza. Ziandikwe nani anazungumza, kila upande una watu wangapi, nani ana mamlaka ya kukubali na hadi kiwango gani, muhtasari unasainiwa kabla watu hawajainuka, na kwamba kipengele kilichokubaliwa ni cha muda mpaka mkataba mzima ukamilike. Hilo la mwisho lisikose. Bila hilo, mtu atashika kipengele cha tatu mlichompa mkitegemea atawapa cha tisa.

Mapumziko ya faragha pia yawemo. Timu ikianza kubishana yenyewe kwa yenyewe mbele ya mwajiri, basi imekwisha. Mwenyekiti aombe dakika 20, mtoke.

---

FundiMitambo

Wakuu naomba kuuliza. Mahali pa kazi mshahara umechelewa miezi miwili, na mkataba wa hali bora (makubaliano ya pamoja ya chama na mwajiri) unasema ulipwe kabla ya tarehe 28. Wafanyakazi wanaweza kuweka zana chini?

---

Mzani

Mkuu FundiMitambo, hapana. Hapa ndipo watu wanafukuzwa kazi wakiwa na haki mkononi.

Sheria inagawa migogoro mara mbili. Malalamiko ni mgogoro juu ya kitu ambacho tayari ni haki yako: kipo kwenye mkataba, kwenye makubaliano ya pamoja, au kwenye sheria yenyewe. Mgogoro wa maslahi ni juu ya kitu ambacho bado huna, unakitaka: nyongeza mpya, posho mpya, saa fupi zaidi. Mgomo unaruhusiwa kwenye maslahi peke yake. Malalamiko yanakwenda kwa usuluhishi, kisha kwa mwamuzi au mahakamani.

Mshahara uliochelewa ni malalamiko, hata kama kila mtu kiwandani amekasirika. Mkiweka zana chini, mwajiri aliyekuwa mkosaji jana leo ndiye anayekimbilia Divisheni ya Kazi kuomba zuio, na anapewa.

Kwa hiyo kabla ya neno lolote jiulize: hiki tunachogombania tunacho tayari kwenye karatasi, au tunakitafuta? Jibu linakuchagulia mlango.

Na saa inahesabu. Mgogoro wa kuachishwa kazi ufike CMA ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine yote, siku 60 tangu ulipotokea. Ukichelewa unaanza na maombi ya kuongezewa muda, unaeleza kila siku iliyopotea, na "tulikuwa tunazungumza na mwajiri" mara nyingi haitoshi. Mazungumzo ya ndani hayasimamishi saa. Pelekeni fomu CMA huku mnaendelea kuzungumza, mkikubaliana mtaiondoa.

---

FundiMitambo

Nimekuelewa mzee. Sasa ikiwa ni nyongeza ya mshahara na mmeshindwana?

---

Mzani

Hapo ni maslahi. Hatua ni hizi, na hakuna ya kurukwa:

1. Fomu Na. 1 ya CMA, ikionyesha wazi ni mgogoro wa maslahi. Nakala apewe mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea uambatanishwe. Ukiweka alama kwenye kisanduku cha malalamiko, mgogoro umeubadilisha mwenyewe.

2. Usuluhishi, siku 30 tangu kupeleka, au zaidi mkikubaliana kwa maandishi. Upande wenu ukikwepa kikao, msuluhishi anaweza kurefusha muda. Mwajiri akikwepa, anaweza kuufupisha.

3. Kura, kwa utaratibu wa katiba ya chama chenu. Wingi unahesabiwa kwa waliopiga kura.

4. Notisi ya saa 48 kwa mwajiri, baada ya muda wa usuluhishi kuisha.

Kosa la kawaida ni kutoa notisi ya saa 48 siku ya 27 "ili tuokoe muda". Mgomo wote unaharibika kwa hizo siku tatu.

Kosa la pili ni kura ya kunyoosha mikono getini wakati katiba ya chama inasema kura ya siri. Hifadhini karatasi za kura, orodha ya waliopiga na fomu ya matokeo. Mwajiri akienda mahakamani, hicho ndicho kitakachoulizwa kwanza.

Mgomo halali haumfukuzishi mtu kazi, wala si uvunjaji wa mkataba. Ila mwajiri halazimiki kulipa mshahara wa siku hizo. Watu waambiwe hili kabla ya kura, si baada ya mwezi.

---

Mkongojo

Halafu siku ya mgomo mnasimama getini na mabango, hakuna anayeingia. Hiyo ni haki ya wagomaji duniani kote.

---

KatibuKanda

Mkongojo, umewaingiza wenzako mtoni. Kwetu hiyo imekatazwa waziwazi. Kusimama getini kama sehemu ya mgomo, kumzuia mwajiri kuingia, kumfungia ndani: vyote vimepigwa marufuku. Upande wa pili, mwajiri naye amekatazwa kuleta watu wa kuziba nafasi za walio kwenye mgomo halali. Mgomo wa Bara ni wa kukaa mbali na kazi, kwa nidhamu. Teueni watu wawili watatu wa mawasiliano na mwajiri, wengine wakae nyumbani au ofisi ya chama.

---

Mkongojo

Sawa, nimejifunza. Na hospitali?

---

Mzani

Huduma muhimu hazigomi kwa njia hii ya kawaida: maji na usafi wa mazingira, umeme, afya na maabara zake, zimamoto, uongozaji wa ndege na mawasiliano yake, pamoja na usafiri unaohitajika kuziendesha huduma hizo. Mgogoro wa maslahi huko usipopata suluhu kwa msuluhishi, unakwenda kwa mwamuzi. Ndiyo maana chama cha huduma muhimu kinahitaji hesabu nzuri kuliko chama chochote. Silaha yake ni ushahidi tu.

---

Mezani

Nirudi kwenye kuandika mkataba, maana nusu ya malalamiko yanayojaa CMA yalizaliwa siku watu walipokuwa wanapongezana kwa kusaini.

Angalieni kipengele hiki, cha aina inayopatikana kila mahali:

*"Mwajiri atatoa usafiri kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku inapowezekana."*

"Inapowezekana" imekula sentensi nzima. Zamu ya usiku inaanza saa ngapi? Usafiri hadi wapi? Gari likiharibika? Kiandikwe hivi:

*"Mfanyakazi ambaye zamu yake inaisha kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi atapatiwa usafiri hadi kituo kilichoorodheshwa katika Kiambatisho B. Siku ambayo usafiri haukutolewa, atalipwa shilingi X pamoja na mshahara wa mwezi huo."*

Sasa kuna saa, mahali, na nini kinatokea kikikosekana. Maneno ya kukimbia: "atajitahidi", "kadri ya uwezo", "kwa kuzingatia hali ya biashara", "mara kwa mara".

Weka pia tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, na lini majadiliano mapya yanafunguliwa. Miezi mitatu kabla ya kuisha ni muda wa kutosha. Mkataba uwe wa maandishi na usainiwe. Unafunga tangu saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe unasema vingine. Nakala ipelekwe kwa Kamishna wa Kazi. Unawafunga hata wasio wanachama ndani ya kitengo, na hapo ndipo ada ya uwakala, ile anayokatwa asiye mwanachama, inapoingia: isizidi ada ya mwanachama, iwekwe akaunti yake peke yake, na isiende kwa chama cha siasa.

---

BintiUtumishi

Na mimi niongeze utaratibu wa malalamiko ya ndani. Andikeni ngazi na siku: msimamizi, siku 3, mkuu wa idara na kiongozi wa tawi, siku 5, utumishi na katibu wa chama, siku 7. Hizi si namba za sheria, ni za kukubaliana, ila jumla yake ibaki chini ya siku 30 ili mtu asipoteze CMA akiwa bado anapanda ngazi za ndani. Nimeona mikataba yenye ngazi tano na jumla ya siku 75. Mtu akizifuata zote kwa utii, anafika Tume muda umeshapita.

Nidhamu pia: notisi ya kikao isipungue saa 48, tuhuma ziandikwe kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti wa kikao asiwe yule aliyeandika tuhuma. Menejimenti inapoteza kesi nyingi kwa hili la mwisho kuliko kwa ukweli wa kosa lenyewe.

---

FundiMitambo

Kupunguza wafanyakazi je? Mwajiri anaweza kutoa tu tangazo ubaoni?

---

KatibuKanda

Hapana. Anatoa notisi ya kusudio, anatoa taarifa, anashauriana nanyi juu ya sababu, njia za kuepuka au kupunguza, namna ya kuchagua wanaoondoka, lini, na malipo. Mkishindwana mnapeleka CMA, na ndani ya zile siku 30 za usuluhishi upunguzaji hautekelezwi.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hicho ni kiwango cha chini, jadilianeni juu yake. Na angalieni neno "msingi": mliokubali nyongeza zote ziwe posho mtaiona tofauti siku hiyo.

Ombeni jedwali la kigezo cha uteuzi kabla ya orodha ya majina. Majina yakitangulia, kigezo kitatafutwa cha kuyafaa.

---

DafuBichi

Haya nimesalimu amri 😂 Swali moja: kinachosemwa kwa msuluhishi kinaweza kutumika baadaye?

---

Mzani

Hapana, mazungumzo ya usuluhishi ni siri, mwamuzi hayasikii. Kwa hiyo unaweza kusema "tungekubali 6%" bila hofu ya kufungwa nayo. Mkikubaliana mbele ya msuluhishi na kusaini, makubaliano hayo yanatekelezwa kama hukumu ya mahakama, kwa hiyo andikeni kiasi, tarehe ya kulipa na njia ya kulipa. "Mwajiri atalipa stahiki zote" ni kesi nyingine inayosubiri.

Mkienda kwa mwamuzi, asiyeridhika na tuzo (uamuzi wake) ana wiki 6 kuomba mapitio Divisheni ya Kazi. Kuomba mapitio peke yake hakusimamishi utekelezaji. Zuio linaombwa kivyake.

Mtumishi wa umma, kabla hajaja huku, anamaliza kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma.

---

FundiMitambo

La mwisho wakuu. Fomu ya CMA ina wafanyakazi 61, mmoja anasaini kwa niaba. Sita wamesafiri. Yule aliyeteuliwa anaweza kuwaandika tu kwenye orodha?

---

Mzani

Orodha ya waliompa mamlaka lazima iambatanishwe, na kila aliyetajwa asaini mwenyewe mbele ya jina lake. Wapelekeeni karatasi huko waliko, warudishe ikiwa na saini zao halisi. Zikichelewa, pelekeni ya 55 ndani ya muda, wale sita wafungue yao wenyewe kabla siku zao hazijaisha. Msiwasainie.